Barua Nazo Huhama

Tarehe 30 Juni 2024 ilikuwa Jumapili. Siku tano nyuma vijana walikuwa wameingia Bunge, Nairobi ilikuwa bado inakohoa moshi wa vitoa machozi, na kila simu ilikuwa na video ya mtu anakimbia. Kwa hivyo karibu hakuna aliyegundua kwamba siku hiyo CentOS 7 ilikufa. Simlaumu mtu. CentOS 7 ni mfumo endeshi, Linux ya bure iliyotoka mwaka 2014, na kwa miaka kumi ilibeba kimya kimya seva za barua pepe za shule, za makampuni ya kliaringi bandarini, za hospitali ndogo, hata za misikiti ambayo kamati yake ina kijana anayejua mambo. Kufa kwake maana yake si kuzimika. Ni kwamba waliokuwa wakiziba matundu yake wameacha. Mashine inaendelea na safari kama mashua ambayo hakuna tena anayeikalafati, na wewe uliye ndani huoni maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu.

Mimi kazi yangu ni kuhamisha. Nachukua barua za watu, majina yao, nywila zao na folda zao, nazitoa kwenye mfumo uliochoka, nazipeleka kwenye mfumo mpya, na nikifanya vizuri Jumatatu asubuhi hakuna anayejua kwamba wikendi alihamishwa nyumba. Kwetu ni Mkokoni, ule mwambao wa Lamu Mashariki unaotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Kazini ni Mombasa. Na kwa sababu natoka Mkokoni, neno hili kuhama halinipiti hivi hivi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa Wabajuni wengi kwenye vijiji vya bara, Rubu, Mvundeni na vingine, wakaingia visiwani, wakaingia Lamu, wengine wakateremka Malindi na Mombasa. Wako waliorudi. Wako ambao mashamba yao yamekuwa msitu. Nyumbani ukimuuliza mzee umri wake anaweza kukuhesabia kwa kuhama: kabla ya kuhama, wakati wa kuhama, baada ya kurudi.

Historia ya barua za nchi hii nayo ni ya kuhama, na sijaona mtu akiiandika hivyo. Wanaandika ya waya za baharini na ya simu za mkononi. Ya akaunti, ya nani aliyepelekwa na nani aliyeachwa pale mfumo ulipobadilika, wanaipita.

Anza Lamu mjini, maana huko nyuma kuna mfano mzuri. Kwenye njia kuu ya ndani kuna nyumba ndogo ambayo sasa ni makumbusho: Posta ya Wajerumani. Ilifunguliwa 1888, ikafungwa 1891. Wajerumani walikuja kwa ajili ya Witu, ambako ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wameafikiana na Sultan Ahmed mwaka 1885. Kisha 1890 Berlin na London wakakaa mezani, Uingereza ikachukua Witu, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, na posta ya Lamu ikabaki haina mwenyewe. Haikutimiza hata miaka mitatu. Mtu aliyezoea stempu ya Kaisari akaambiwa aanze upya. Lakini wakati wote huo barua nyingine zilikuwa zikipita pembeni, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimekunjwa, ziko ndani ya kikoi cha nahodha, zinakwenda Unguja au Barawa. Hizo hazikuhitaji stempu na hazikujua kama serikali imebadilika.

Nilipokuwa mdogo barua za Mkokoni zilikuja kwa sanduku la Lamu, 80500. Sanduku lilikuwa la mwenye duka. Juu ya bahasha jina la mwenye duka, chini yake "apewe fulani bin fulani, Mkokoni", na kutoka hapo ilitegemea chombo na upepo. Sanduku moja, watu mia. Shikilia picha hiyo, kwa sababu barua pepe ilipoingia Kenya iliingia vile vile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nairobi ilikuwa na shirika la mazingira lililoitwa ELCI, na ndani yake mtandao uliojulikana kama NGONET. Ulikuwa ukiyaunganisha mashirika yaliyokuwa yakijiandaa kwa mkutano wa Rio wa 1992. Teknolojia yake ilikuwa FidoNet, kitu alichokianzisha Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984 ili wapenda kompyuta wapelekeane ujumbe kwa simu za kawaida. Hakuna intaneti hapo. Kompyuta moja inapigia simu kompyuta nyingine, zinapokezana vifurushi vya barua, zinakata. Ukiwa mbali, barua yako inalala kwenye kompyuta ya kwanza mpaka simu inayofuata ipigwe, inalala kwenye ya pili, na kadhalika. Afrika nzima ilikuwa kanda namba tano. London kulikuwa na GreenNet, ambao walifanya kazi ya mlango: wao ndio waliokuwa wakizipigia simu mashine za Afrika, kwa sababu simu kutoka Uingereza ilikuwa nafuu kuliko simu kutoka hapa. Laini ikikatika katikati ya barua, na ilikatika sana, programu zilijua kuanza pale zilipoachia.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na ESANET, iliyounganisha vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Makerere kulikuwa na mashine iliyoitwa MukLa, aliyoiendesha Charles Musisi. Madaktari walikuwa na HealthNet, na hii naipenda zaidi ya zote: walikuwa na setilaiti ndogo inayozunguka chini chini, ikipita juu yako mara chache kwa siku. Ikipita unairushia barua zako na inakuangushia zako, halafu inakwenda zake. Mtu wa Mkokoni akielezwa HealthNet haulizi swali. Hiyo ni jahazi.

Anwani ya mtu ndani ya FidoNet, ikiangaliwa kutoka nje, ilikuwa ndefu kama ukoo. Jina, kisha namba ya mashine, namba ya mtandao, namba ya kanda, na mwisho fidonet.org. Na mara nyingi lile jina halikuwa la mtu. Lilikuwa la ofisi. Barua ikija, karani anaichapisha kwenye karatasi, anaangalia mstari wa kichwa umeandikwa ya nani, anaipeleka mezani kwake. Sanduku la mwenye duka kabisa.

Sasa angalia kilichokuwa chini yake. Mashine nyingi za FidoNet ziliendeshwa na DOS, na DOS haijui mtu. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ukiwasha kompyuta ya DOS haikuulizi wewe ni nani. Aliyekaa mbele ya kibodi ndiye mwenyewe. Programu ya barua inaweza kuwa na orodha ya majina, lakini ni orodha tu, kama daftari la muuza duka. Mfumo wenyewe hauna habari. Unix, na mtoto wake Linux, ni kinyume. Hauwezi kuigusa kabla ya kujitaja. Kila mtu ana jina la kuingilia na namba, na kila faili ina mwenyewe. Kwa hiyo mashirika na vyuo vilipoanza kutoka kwenye DOS kwenda kwenye Unix katikati ya miaka ya 1990, barua hazikuhama tu. Watu waliumbwa. Karani ambaye jana alikuwa "ofisi" leo ana jina na nywila, na anaweza kuandikiwa jambo ambalo bosi hatalisoma. Sidhani kama waliofanya kazi hiyo walijiona wakifanya jambo kubwa hivyo. Walikuwa wanachapa tu majina usiku ofisini.

Na majina yenyewe! Unix za zamani zilikubali herufi nane tu. Nane zinamtosha John. Njoo mwambao sasa. Mwanaidi amebahatika, ana nane kamili. Mwanakombo anakuwa mwanakom. Mwanaharusi anakuwa mwanahar. Mwanaisha anakuwa mwanaish. Kwa wanaume ukitumia herufi ya kwanza na jina la mwisho, kama ilivyokuwa desturi, unapata foleni ya kina mali na aomar, na wa pili anawekewa namba mkiani kama basi la njia moja. Hata nywila: kwenye njia ya zamani ya kuficha nywila, iliyoitwa DES, mfumo ulisoma herufi nane za mwanzo na kuacha zilizobaki. Aliyejiona mjanja akaweka mwanakombo1970 alikuwa analindwa na mwanakom tu. Bado nakutana na watu wazima, wenye vyeo, ambao jina lao la ofisini limekatwa hivyo, na wanalitamka hivyo hivyo lilivyokatwa. Mfumo uliowakata ulishakufa miaka ishirini iliyopita.

Jina la nchi yetu kwenye intaneti, ile .ke, lilisajiliwa tarehe 29 Aprili 1993. Msimamizi alikuwa Shem Ochuodho na upande wa ufundi alikuwa Randy Bush, aliyekuwa Marekani. Mwaka 1995 kituo cha Ochuodho, ARCC, kilileta intaneti kamili Nairobi, ile isiyosubiri simu ya usiku. Africa Online, iliyoanzishwa 1994 na vijana Wakenya waliokuwa Boston, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, nayo ikaingia nyumbani. Kampuni zikaongezeka haraka, na kila moja ikawapa wateja wake anwani za barua zenye jina la kampuni. Hapo ndipo kosa kubwa la zama zile lilipoketi, ingawa lilionekana kama zawadi. Anwani yako ilikuwa mali ya muuza laini. Ukihama kampuni, anwani inabaki. Kampuni ikinunuliwa, anwani inaweza kubaki au isibaki. Africa Online yenyewe ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007. Ukipekua vitabu na ripoti zilizochapishwa Kenya kati ya 1995 na 2005, nyuma ya jalada utaona anwani za pepe za kampuni ambazo hakuna tena mtu anayezikumbuka. Sanduku la posta lililochapishwa pembeni yake bado linaweza kupokea barua. Mimi huzisoma zile anwani kama mtu anavyosoma majina kwenye magofu ya Shanga.

(Na tusisahau kichekesho cha wakati ule: barua kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Wenye makampuni walipojenga kituo cha kubadilishana hapa hapa, KIXP, mwishoni mwa 2000, kilifungwa kabla mwaka haujaisha baada ya Telkom Kenya kulalamika, na kikafunguliwa tena mapema 2002. Barua ya mtaa wa pili ilikuwa na nauli ya kwenda Ulaya.)

Kwa hivyo watu wakakimbilia kwa wageni. Hotmail ilikuwa imezinduliwa tarehe 4 Julai 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, bure, na unaifungua popote penye saiba. Mwisho wa 1997 Microsoft wakainunua. Na hapa kuna kisa ambacho mafundi wa rika langu tulisimuliwa kama hekaya: Microsoft, wauzaji wa Windows, walijikuta wanamiliki huduma kubwa ya barua ambayo mbele inaendeshwa na FreeBSD, mfumo wa bure, na nyuma, kule barua zinakolala, inaendeshwa na Solaris ya Sun, mshindani wao. Kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa hivyo. Mwaka 2000 ndipo walipozihamisha zile mashine za mbele kwenda Windows 2000, maelfu ya mashine, akaunti za makumi ya mamilioni ya watu, huduma ikiwa inatembea. Nyuma kulichukua muda zaidi. Watu wa kompyuta walicheka sana. Mimi kila nikisoma habari zake nacheka kidogo halafu nanyamaza, kwa sababu aliyekuwa kwenye saiba ya Lamu siku hiyo, amelipa shilingi zake kwa dakika, hakuona chochote. Aliandika jina, akaandika nywila, akaingia. Hiyo ni kazi nzuri, na haijalishi kama mfumo uliohamiwa ulikuwa bora.

Ila Hotmail ya bure ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, megabaiti mbili za nafasi. La pili, usipoingia kwa siku 30, barua zako zinafutwa. Siku thelathini. Sheria hiyo iliandikwa na mtu ambaye kompyuta iko mezani kwake. Ihesabu kutoka Mkokoni. Saiba iko Lamu mjini. Chombo ni safari ya saa kadhaa, nauli si mchezo. Kusi likikaza, mwezi wa sita na wa saba, bahari ya nje ya Kiwayu inachafuka, na manahodha wenye akili wanakaa nyumbani. Barabara ya bara kupitia msitu wa Boni tusiizungumze. Mwezi mzima unapita bila mtu kufika Lamu na hakuna anayeshangaa. Yaani msimu wa upepo, ambao umepanga maisha ya pwani hii tangu kabla ya kuwepo Lamu yenyewe, ulikuwa mrefu kuliko subira ya seva.

Na subira haikuwa ngeni kwenye barua pepe. Kanuni ya kupelekana barua baina ya seva, SMTP, ambayo toleo lake la kwanza aliliandika Jon Postel mwaka 1982, inasema wazi kwamba seva ya upande wa pili isipopatikana, barua haitupwi. Inawekwa kwenye foleni, inajaribiwa tena, na tena, kwa siku nne au tano. Ndiyo maana tunaweza kuhamisha seva. Tunaizima ya zamani, na barua za dunia zinakaa nje zinasubiri mlango ufunguliwe kwingine. Waliobuni barua pepe walijua laini hukatika. Waliokuja kuifanya biashara ndio waliosahau.

Nieleze kidogo jinsi uhamisho unavyofanywa, maana nadhani ndipo utamu ulipo.

Siku chache kabla, unapunguza muda ambao dunia inakumbuka anwani ya seva yako, ili ukibadilisha wajue upesi. Kisha unakwenda kwenye faili mbili. Moja ina majina, ya pili ina nywila. Lakini nywila hazimo. Kilichomo ni heshi, yaani nywila iliyosagwa kiasi kwamba hairudi kuwa nzima. Mtu akiandika nywila yake, mfumo unaisaga vile vile na kulinganisha unga kwa unga. Kwa hivyo mimi ninaweza kumhamisha mtu na nywila yake bila kuijua. Nahamisha kufuli na ufunguo unabaki mfukoni mwa mwenyewe. Kuna wasimamizi wanaoona ni kazi, wanafuta zote na kumpa kila mtu nywila mpya inayofanana, halafu wanaituma kwenye WhatsApp. Mwenye akaunti aliye mbali hana habari, siku anarudi anakuta mlango haufunguki.

Halafu namba. Nimesema kila faili ina mwenyewe. Ukweli ni kwamba mfumo haumjui mwenyewe kwa jina, unamjua kwa namba. Mwanakombo ni jina la kuonyeshwa watu, na kwa mashine yeye ni 503. Ukihamisha barua bila kuhamisha namba, na kwenye mfumo mpya 503 akawa mtu mwingine, barua zote za Mwanakombo zinakuwa zake. Mashine haitaona ubaya wowote. Na kwenye ukoo wa Red Hat na CentOS kulikuwa na mtego: mpaka toleo la sita namba za watu zilianzia 500. Kuanzia la saba zinaanzia 1000, na chini ya hapo ni pa huduma za mfumo. Yaani wote waliosajiliwa zamani, waanzilishi, wenye namba ndogo, ghafla wakajikuta wanaishi kwenye ardhi iliyotengewa serikali. Kwenye Lamu mfano huo sihitaji kuuchora.

Mwisho barua zenyewe. Zamani barua zote za mtu zilikaa kwenye faili moja ndefu, na mfumo ulijua barua mpya imeanza kwa kuona mstari unaoanza na neno la Kiingereza From. Ukiandika barua kwa Kiingereza na mstari wako mmoja ukaanza na neno hilo, mfumo unauwekea alama ya mshale mbele yake usije ukachanganywa. Barua kuu kuu za Kiingereza zina mikwaruzo hiyo mpaka leo. Za Kiswahili zilipona.

Shirika nililolihamishia seva mwaka 2024 liko Mombasa na kwa miaka mingi limefanya kazi na wavuvi wa kaskazini. Silitaji, watu wake ni wema na bado tunafanya kazi pamoja. Kabla ya kuhama, hutolewa orodha: jina, namba, ukubwa wa barua, tarehe ya mwisho kuingia. Ni utaratibu wa kawaida, ili vilivyokufa visibebwe. Wakaweka mstari: asiyeingia kwa miaka mitano, asihamishwe.

Niliisoma ile orodha usiku kucha. Akaunti za Mombasa zilikoma ovyo ovyo, huyu kaacha kazi, yule kaolewa Nairobi. Za Lamu Mashariki hazikukoma hivyo. Zilikoma kwa makundi. Kundi la kwanza Septemba na Oktoba 2011. Mwezi huo wa Septemba ndipo watalii walipovamiwa Kiwayu, upande wetu wa bara, na mwezi uliofuata jeshi la Kenya likaingia Somalia. Kazi za uwandani zikasimama, uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, ofisi zikarudi Lamu na Mombasa. Kundi la pili Juni na Julai 2014: Mpeketoni, kisha amri ya kutotoka usiku. Ukiweka tarehe zile kwenye mstari, ni historia ya usalama ya Lamu, imeandikwa na watu ambao hawakuweza kufika kwenye kompyuta.

Namba 507 ilikuwa ya ami yangu.

Ami alikuwa mwalimu wa madrasa na mwandishi wa kamati ya wavuvi. Mwaka 2003 shirika lilimpa akaunti ili alete ripoti, na kila mwezi, upepo ukiruhusu, alikwenda Lamu kukaa mbele ya kompyuta ya ofisi. Alichapa kwa vidole viwili. Aliandika barua pepe kama barua, na baada ya salamu za nusu ukurasa ndipo jambo. Mara moja nilikuwa naye, akabonyeza kitufe cha kutuma, akanigeukia.

"Mwanangu, hii imefika ama imeandikwa tu?"

"Imefika, ami."

"Nani ameipokea?"

Sikuwa na jibu zuri. Hakuipokea mtu, iliipokea mashine. Alifariki 2016, na tarehe yake ya mwisho kuingia ilikuwa mwezi Agosti 2011.

Meneja aliniambia, kwa upole, "Kaka, hizi zimekufa. Tusibebe mizigo."

Nikamwambia, "Bosi, baadhi zimekufa. Nyingine wenyewe hawakuruhusiwa kutoka. Tarehe haiwezi kutenganisha."

Tulizozana wiki nzima, na sikuwa na hoja ya kiufundi, maana nafasi haikuwa tatizo. Zote za Lamu Mashariki pamoja hazikujaza hata gigabaiti moja. Nafasi ya simu ya mtoto wa shule. Hoja niliyokuwa nayo ilikuwa ya 2018. Mwaka huo Mahakama Kuu ilisema wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 wanastahili fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari ya LAPSSET. Kila aliyekuwa karibu na jambo lile anajua swali lililofuata: mvuvi ni nani? Nani yumo kwenye orodha, nani alikuwa akivua wapi, nani anashuhudia? Kwa watu wasio na hati za ardhi, ambao vitambulisho walikuwa wakivipata kwa kusailiwa kama wageni kwa sababu ya kukaa karibu na mpaka, karatasi ya zamani yenye tarehe na majina si kumbukumbu ya kupendeza tu.

Nikafungua kimoja, kwa idhini ya watoto wake na ya shirika. Barua 1,306. Ripoti za kasa waliotaga, malalamiko ya nyavu za macho madogo, na katikati yake, mwaka 2007, barua sita ndefu kwa binamu yangu aliyeko Uingereza aliyekuwa ameuliza jambo la mirathi. Ami alikuwa amemwandikia mashamba ya Rubu na Mvundeni moja baada ya jingine kama yalivyokuwa kabla ya kuhama: mbuyu huu ni wa nani, kisima hiki alichimba nani, mpaka unapita wapi, nani alihamia Faza na nani hakurudi. Majina ya watu, ya baba zao, ya babu zao. Hakukata hata moja.

Akaunti za Lamu Mashariki zilihamishwa zote. Zimefungwa kwa nje, hazipokei barua mpya wala haziingiliki kwa nywila, lakini barua zipo, zinachukuliwa bekapu kila usiku, na mwenyewe au warithi wake wakiomba wanapewa. 507 tulimpa namba mpya, 1507, ili nisizisahau tatu za mwisho. Mfumo tuliohamia unaitwa Rocky Linux. Ulianzishwa baada ya Red Hat kutangaza Desemba 2020 kwamba CentOS 8, iliyoahidiwa kuishi mpaka 2029, ingefikia mwisho 2021, na mwanzilishi wake, Gregory Kurtzer, aliupa jina la mwenzake waliyeanza naye CentOS, Rocky McGaugh, ambaye ni marehemu.

Zile barua sita nilizichapisha kwenye karatasi na kuzitia kwenye bahasha. Posta sikwenda. Nilimpa nahodha anayepakia Lamu, juu nikaandika jina la mwenye chombo, chini nikaandika wapewe watoto wa marehemu, Mkokoni. Ilikuwa Agosti, kusi bado halijalegea. Alizifikisha baada ya siku kumi na moja.